Maswali ya Wasomaji: Iafoni za Bei Nafuu na Sauti Isiyoridhisha

SWALI: Ndugu mhariri, nilinunua iafoni za waya, zile za kuingiza ndani ya sikio, kwa shilingi 25,000. Zilikuja na vipira vya saizi tatu. Ninachosikiliza zaidi ni taarabu asilia. Besi haipo kabisa, ngoma zinalia kama kopo, na kila mwimbaji anapotamka herufi "s" au "sh" sauti inanichoma. Muuzaji ananishauri niongeze pesa nichukue za shilingi 80,000. Je, hizi hazifai kabisa, au kuna namna ya kuzirekebisha?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pesa hizo ziweke kwanza. Yote mawili unayoyalalamikia yana sababu zinazojulikana, na aghalabu chanzo chake ni jinsi iafoni inavyokaa sikioni.

Tuanze na besi. Iafoni ya aina hii inasukuma hewa kidogo sana iliyofungiwa kati yake na kiwambo cha sikio. Hewa hiyo ikifungika barabara, hata spika yenye kipenyo cha milimita 10 inatoa besi nzito. Lakini kukiwa na upenyo, hata ule mwembamba kama unywele, mawimbi ya masafa ya chini, yaani yale ya besi, yanavujia nje huku sauti nyembamba zikibaki, na ngoma ikisikika bila kifua ndiyo inayokupa ule mlio wa kopo. Watu wengi hutumia kipira cha kati kwa sababu ndicho kilichokuja kimevishwa kutoka kiwandani. Jaribu kikubwa zaidi, na usishangae sikio la kulia likihitaji saizi tofauti na la kushoto, kwa maana masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani.

Namna ya kuivaa nayo ina uzito wake. Unapovaa ya kulia, pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, kisha ingiza iafoni taratibu huku ukiizungusha, na ndipo uachie sikio. Ikiwa imekaa sawasawa, kelele za nje zitapungua papo hapo, na ukisema neno utaisikia sauti yako mwenyewe ikivuma kichwani. Usipopata dalili hizo mbili, hewa inavuja na hakuna ikwalaiza (programu ya kupandisha au kushusha sehemu mbalimbali za sauti) itakayoirudisha besi. Vipira vya sponji, ambavyo hubonyezwa kwa vidole na kutanuka vikishaingia, huwafaa wale ambao raba zote zinawakataa.

Sasa tuje kwenye "s" inayochoma. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, na ukiwa wazi huikuza sauti iliyo karibu na hezi 3,000 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde). Ukizibwa na iafoni, mkuzo huo hupotea, na watengenezaji huurudisha kwa kuinua masafa hayo kwa makusudi. Wakipitiliza, waimbaji wanasikika kama wanaokupigia kelele. Zaidi ya hapo, mfereji uliozibwa huzua mkuzo mpya karibu na hezi 8,000, yaani jirani kabisa na makazi ya herufi "s" na "sh". Mahali hasa unapoangukia hutegemea kina cha iafoni: ukiiingiza ndani zaidi, mkuzo hupanda juu na mara nyingi ukali hupungua. Kwa hiyo milimita mbili tu za kina zinaweza kukufaa kuliko zile shilingi 80,000.

Yote hayo yakishatimia, ndipo ufungue ikwalaiza. Ile ya kawaida iliyomo katika simu nyingi za Android ina vitelezi vitano tu, na kati ya hezi 3,600 na 14,000 haina kitu, kwa hiyo haiwezi kuugusa ukali wako bila kuharibu vingine. Programu za Wavelet kwa simu za Android na Equalizer APO kwa kompyuta za Windows zinakupa uwanja mpana zaidi, na unaweza kuziwekea marekebisho yaliyokwisha kuandaliwa na mradi wa AutoEq kwa modeli nyingi za iafoni, zikiwemo za bei ya chini. Yachukue kama mahali pa kuanzia, kwa sababu vipimo vyake vimefanywa kwa sikio la bandia na si kwa lako.

Nakusihi upunguze kabla ya kuongeza. Shusha eneo la hezi 8,000 kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikiliza, kisha ongeza au rudisha nusu. Ukilazimika kupandisha besi kwa desibeli 6, fahamu kwamba unaidai spika nguvu mara nne. Shusha basi kiwango cha jumla kwa desibeli hizo hizo 6, la sivyo sauti itakwaruza kila ngoma inapopigwa kwa nguvu.

Taarabu unayoipenda ni kipimo kizuri mno cha kazi hii. Chagua rekodi unayoijua vyema yenye kanuni (ile ala ya nyuzi), fidla na dumbaki. Nyuzi za kanuni zinapodonolewa, kila donoo lisikike peke yake bila kuuma. Fidla nyingi zikicheza pamoja zisigeuke kuwa mluzi mmoja. Dumbaki iwe na kishindo cha katikati ya ngozi pamoja na mlio mkavu wa ukingoni. Ukishusha masafa ya juu kupita kiasi, kanuni ndiyo itakayofifia kwanza, na hapo utajua umevuka mpaka.

SWALI: Nimeambiwa iafoni mpya zichezwe mfululizo kwa saa 100 ndipo zilainike. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usijisumbue. Mabadiliko yanayoonekana kwenye vipimo ni madogo sana. Kinachozoea zaidi ni masikio yako. Afadhali muda huo uutumie kukagua wavu mdogo uliopo mdomoni mwa iafoni. Nta ikiuziba, upande mmoja hufifia na watu hudhani waya umekatika. Vua kipira, geuza mdomo uelekee chini, na uusugue kwa brashi laini iliyo kavu.

SWALI: Ndani ya daladala ninalazimika kufungua sauti hadi mwisho. Je, ni hatari?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndiyo, na kusikia kukishaharibika kwa njia hii hakurudi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Kipira kinachoziba vizuri hukata sehemu kubwa ya kelele za injini na abiria, kwa hiyo panga kiwango chako ukiwa nyumbani palipo kimya, kisha upandapo daladala rekebisha kipira kabla ya kugusa kitufe cha sauti. Unaposhuka na kuvuka barabara, zivue zote mbili.