Sekunde sita za kalafati

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama filamu za hali halisi kuhusu wasanii, wapiga picha na mafundi wa jadi zinausaidia utamaduni wao kuishi. Jibu langu la haraka ni hapana. Kinachoishi ni kile ambacho kijana amefundishwa akiwa amekaa karibu na fundi, chombo mkononi. Ila mimi ningeuliza jingine: filamu inaacha nini nje, na kilichoachwa kiko wapi leo?

Tuchukue majahazi. Kila msimu hatukosi wageni wenye kamera Lamu, Kizingitini au Nungwi, na wanachotoa hufanana: jua linachomoza, tezo inachonga, mzee anatazama bahari, msimulizi anatuambia kwa sauti nzito kwamba huyu ndiye fundi wa mwisho. Wa mwisho kila mwaka! Filamu ninayoifikiria sitaitaja jina, maana walioitengeneza walikuja na nia njema. Humo mna kipande cha kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao za chombo kwa pamba. Kina sekunde sita. Nyundo inapiga mara nne, kisha tunapelekwa kwenye tanga lililojaa upepo. Na juu ya hizo pigo nne wameweka muziki wa udi.

Sekunde sita hizo zimefupisha kazi ya siku kadhaa, na ndiyo kazi inayoamua kama chombo kitaelea.

Kwanza mbao. Zikiwa mbichi, kalafati ni kazi bure: zitakauka zikiwa mahali pake, mianya itafunguka na pamba italegea. Chombo kinasubiri. Pamba inasokotwa iwe uzi mnene kidogo kuliko mwanya, usio na fundo, kisha inalowekwa mafuta. Wengine hutumia mafuta ya nazi, wengine sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake ikiingia kwenye nguo haitoki. Pamba kavu hunywa maji ikaoza, iliyoshiba mafuta huyakataa. Ndipo ije chembeu, patasi ya kusukumia pamba, ambayo lazima iwe butu, kwa sababu yenye makali itaikata pamba badala ya kuisukuma.

Fundi haanzi kwa kushindilia. Mara ya kwanza anaibandika tu, kwa vikunjo vidogo vidogo, ili iwe na ziada ya kujaza mwanya. Anaporudi mara ya pili ndipo anaizamisha. Mwanya unatakiwa uwe mpana nje na mwembamba ndani. Aliyeranda ubao akikosea, akauacha kinyume, pamba itapita moja kwa moja na kuchungulia upande wa pili, na hapo hata ukishindilia gunia zima ni hasara. Mkono ukiwa mwepesi, maji yanaingia. Ukiwa mzito, ubaya wake unachelewa kuonekana: chombo kikishushwa, mbao huvimba, na pamba iliyojazwa kupita kiasi haina pa kwenda, kwa hiyo inausukuma ubao utoke kwenye taruma, zile mbavu za chombo, na kulegeza misumari. Na misumari yenyewe ina kalafati yake. Tundu hutobolewa kwa keke, kile chombo cha kutobolea, jembamba kuliko msumari ili ubao usipasuke, na chini ya kichwa huviringishwa pamba ya mafuta.

Baina ya mkono mwepesi na mkono mzito hakuna rula. Kuna sauti. Pamba ikiwa bado laini, nyundo inatoa mlio mzito, uliokufa. Ikikaza, mlio unapanda, unakauka, na ubao mzima unajibu. Fundi akiusikia anasogea. Asipousikia anarudia palepale. Kwa hiyo udi ule haukuwa pambo. Ulifunika somo lenyewe! Mwanafunzi anayeitazama filamu ile ameonyeshwa mkono akanyimwa sikio.

Halafu kuna deheni, yaani shahamu ya mnyama iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chokaa, inayopakwa sehemu inayokaa chini ya maji. Sehemu iliyo juu ya maji hupakwa sifa. Hata baada ya hapo chombo kipya kitavuja siku za mwanzo mpaka mbao zivimbe, na asiyejua ataanza kumlaumu fundi bure. Kisha ni matunzo: wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, chombo kinapandishwa, kinakwaruzwa, kinapitishiwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, kinapakwa deheni upya. Moto huo nao umo kwenye filamu, umepigwa jioni, unapendeza sana. Msimulizi ameuita tambiko.

Nimerefusha, najua. Lakini hapa ndipo hasira inaponipungua. Zitazame sekunde zilezile sita polepole, sauti imezimwa. Chembeu haikusimama wima. Imelala kidogo kuelekea upande ambao mshono unakwenda, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinagusa ubao wakati wote, kinasikilizia mtikisiko. Maelezo yangu yote ya hapo juu hayakulisema hilo. Kamera ya mtu asiyejua anachokitazama imelisema.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu. Nyimbo ambazo kwenye shughuli zingerefushwa na kutunzwa mpaka watu wachoke wenyewe, zilibanwa zikae humo. Ni ukatili ule. Lakini bila dakika tatu hizo tungebaki na masimulizi tu juu ya sauti yake. Mpiga filamu Robert Flaherty, katika filamu yake ya mwaka 1922 kuhusu Wainuit, wenyeji wa kaskazini kwenye barafu, alijengewa nyumba ya barafu iliyokatwa nusu ili mwanga wa kutosha uingie, na aliwafanya wawinde kwa mikuki ilhali walikwisha kuwa na bunduki. Analaumiwa mpaka leo, na astahili. Hata hivyo mikono iliyokata barafu ile haikuwa ya waigizaji.

Mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, una kisa kibaya zaidi. Ule uliojengwa Zanzibar mwaka 2003 ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la huko, ulikuwa wa kuigiza, kwani mitepe ya kazi ilikuwa imetoweka miongo mingi kabla. Chombo kilichokuwa kikishonwa kwa kamba za makumbi huwezi kukifufua kwa kutazama kielelezo cha makumbusho. Kamba ilikazwa kiasi gani? Nani alishika upande wa ndani? Ningetoa kingi kupata sekunde sita za hapo, hata zikiwa na udi.

Kwa hiyo hoja yangu inahamia kwenye picha ambazo hazikutumika. Filamu ya saa moja huzaliwa kutoka saa nyingi, na humo ndimo kalafati nzima ilimo, kwenye diski iliyoko London au Paris. Tusijidanganye kwamba zikibaki kwetu zitakuwa salama bila kazi. Wenye hazina za studio za picha, kama ile ya Capital Art iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, wanajua unyevu wa pwani unavyofanya. Negativu ya asetati huanza kunuka siki, husinyaa, na mvuke wake huharibu zilizo jirani katika boksi hilohilo. Inayonuka itengwe siku hiyohiyo, zilizobaki zikae pakavu na baridi. Diski nayo hufa ghafla, bila hata harufu. Nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, na kila baada ya miaka michache zihamishiwe diski mpya.

Basi kwenye hesabu yenu nitieni kundi la "ndiyo". Ni ndiyo yenye mashaka. Boti za faiba na bei ya mbao zinaamua mengi kuliko filamu yoyote, na Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, mpaka mikoko ya Lamu ikaguswa, hakuna filamu iliyomletea fundi boriti. Tena nasema ndiyo kwa filamu zinazoacha nakala ya picha zote kwa fundi mwenyewe na kwa makumbusho ya mji wake, na zinazotoa japo kipande kimoja kirefu kisichokatwa kwa kila hatua ya kazi, bila muziki. Majina ya sehemu na ya miti yaandikwe kama mafundi wanavyoyatamka, kila lahaja ya huko kwa matamshi yake, Kiamu kwa Kiamu, Kitikuu kwa Kitikuu.

Kwa mpiga filamu atakayesoma hapa: siku ya kalafati usiibandike maikrofoni kwenye kanzu ya mzee. Iweke ndani ya chombo, karibu na taruma, mtu mmoja akae nayo huko. Ukiiacha nje wakati wa kusi, upepo wa kusini, utarudi nyumbani na upepo.