Ardhi Kavu Haizuii Mafuriko ya Ghafla

Swali: Nyumba yangu iko mita 300 hivi kutoka ufukweni, kando ya korongo linaloshuka kutoka vilimani. Karibu mwaka mzima halina maji. Sasa ni msimu wa joto, kila alasiri mawingu yanarundikana juu ya vilima, radi inasikika, halafu kwetu hainyeshi. Programu ya simu inaonyesha uwezekano wa asilimia 30 na milimita 8 tu. Fundi ananiambia ardhi imekauka miezi minne, kwa hiyo itayanywa maji yote, na akichimba korongo mbele ya nyumba liende chini mita moja nitakuwa salama. Je, ni mvua kiasi gani niiogope?

Jibu: Nianze na hilo la ardhi kavu, maana nalisikia kila msimu na ndilo linaloponza watu. Cha kuangalia si kiu ya ardhi, ni kasi yake ya kumeza. Udongo wa mfinyanzi humeza milimita 1 hadi 5 kwa saa, tifutifu 10 hadi 20, na kichanga 30 na kuendelea. Mvua ya radi ya msimu wa joto hushuka kwa kasi ya milimita 60 au 80 kwa saa, hata kama itadumu nusu saa tu. Kinachozidi kasi ya kumeza hakisubiri zamu, kinateremka.

Tena ukavu wenyewe huongeza ubaya. Uso wa ardhi umeshashika ukoko, na matone makubwa yakiupiga, chembe laini huziba vitundu vilivyobaki. Mwaga ndoo ya maji kwa mkupuo kwenye uwanja uliokanyagwa na kukauka. Maji yatakimbia yakiwa yamevaa vumbi juu, na ukikwangua kwa kidole walipopita, chini yake utakuta udongo mkavu vilevile. Nyufa za ardhi humeza mvua ya mwanzo, ni kweli, lakini zikijaa zimejaa. Na ikiwa vilima viliungua moto karibuni, udongo wa juu unaweza kuyakataa maji kama kitambaa kilichopakwa nta.

Sasa tuweke hesabu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Tuseme korongo lako linakusanya maji ya kilomita za mraba 6 tu, zikapigwa na milimita 40 ndani ya saa moja, na nusu yake ikateremka. Hizo ni mita za ujazo 120,000. Zikipita kwa saa moja, ni wastani wa mita za ujazo 33 kila sekunde, na kilele huwa juu zaidi ya wastani. Karavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, la kipenyo cha mita 1 hupitisha mita za ujazo 2 hivi kwa sekunde likiwa safi, na siku hiyo halitakuwa safi, litakuwa limezibwa na matawi. Maji yakienda mita 2 kwa sekunde, kilomita 4 za korongo huyachukua kama dakika 33. Huo ndio muda wako wote.

Kuhusu milimita 8 za kwenye simu: namba hiyo mara nyingi ni wastani wa mraba mkubwa wa ramani, pengine kilomita 10 kwa 10. Milimita 8 za wastani zinaweza kuwa milimita 80 juu ya sehemu moja ya kumi na tone lisianguke kwingine kote. Tarehe 16 Agosti 2004, Boscastle, kijiji cha pwani ya kusini magharibi mwa Uingereza, kilisombwa baada ya karibu milimita 200 kumwagika kwenye miinuko iliyo nyuma yake, sehemu kubwa ndani ya saa tano. Baadhi ya vipimo vya mvua vya jirani havikufika hata milimita 3 siku hiyo. Upepo wa bahari ulikutana na upepo wa bara kwenye mstari mmoja, na mawingu yakawa yanazaliwa palepale, moja baada ya jingine. Wingu moja la radi kwa kawaida halizidi saa moja. Hatari ni foleni yake.

Kwa hiyo "kwetu hainyeshi" si habari njema hata kidogo. Korongo lako halijui anga ya juu ya paa lako, linajua vilima. Tarehe 29 Oktoba 2024, mji wa Paiporta, karibu na Valencia nchini Hispania, ulizamishwa na mkondo ambao siku nyingi ni mkavu, ilhali mjini penyewe mvua ilikuwa haba. Watu walikuwa wakiendelea na shughuli zao.

Fundi wako usimlipe. Shimo la mita moja mbele ya nyumba moja hujaa maji na mchanga dakika za mwanzo, kwa sababu kimo cha maji hapo kinaamuliwa na kilicho chini yako: karavati, daraja, mdomo wa korongo, bahari. Mbaya zaidi, ukingo mpya ulio wima hulika, na maji huchimba kurudi nyuma hadi kwenye msingi wa nyumba yako. Kama ana nguvu za kuchimba, mtafutieni kazi mdomoni mwa korongo. Msimu wa kiangazi mawimbi hujenga fungu la mchanga hapo, na maji ya kwanza hurudi nyuma kama yamekuta mlango umefungwa. Fungu hilo hupunguzwa mapema, kwa idhini ya wahusika, kamwe si wakati maji yanakuja. Angalia pia jedwali la maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, mvua ikiangukia saa za maji kujaa, korongo halina pa kutolea.

Mvua ya kuogopa ni ipi? Kwa korongo fupi na lenye mteremko mkali, ningeanza na milimita 20 ndani ya nusu saa huko juu, si kwako. Patana na mtu anayeishi vilimani aweke kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, umbali wa mti uwe angalau mara mbili ya urefu wake, apime kwa rula na akupigie. Asipopatikana, tumia masikio. Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Ngurumo ikibaki umbali uleule upande wa vilima kwa dakika 20 au 30, wingu halisogei au linazaliwa upya palepale. Hapo ondoka kingoni. Sekunde kati ya umeme na ngurumo zikiwa chini ya 30, ufuo na uwanja wa wazi si mahali pa kukaa pia, mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

Paka alama za kila sentimita 10 kwenye nguzo imara iliyo korongoni. Maji yakigeuka rangi ya udongo, yakaleta majani na vijiti, au ukasikia mawe yakigongana, panda juu kwa ubavu, usikimbie kufuata korongo. Zima swichi kuu kabla maji hayajaingia, na ukiwa umeshasimama kwenye maji usiiguse.

Kuna wale wanaosambaza picha za setilaiti zenye rangi nyekundu na kujiita watabiri. Rangi zile mara nyingi ni ubaridi wa kilele cha wingu, na kilele hicho hupeperushwa makumi ya kilomita mbali na mvua yenyewe. Wanatisha walio salama na kuwatuliza walio hatarini. Fuata picha za rada na tahadhari za idara rasmi ya hali ya hewa.

Na kwa yeyote anayedhani gari ni zito: gari dogo lina eneo la chini la mita za mraba 6 hivi. Kila sentimita 10 za maji juu ya sakafu yake hulisukuma juu kwa kilo 600. La kilo 1,000 halifiki sentimita 20 kabla halijaelea, na matairi hupoteza mshiko mapema zaidi. Sentimita 15 za maji ya kasi humwangusha mtu mzima. Na chini ya maji ya kahawia huwezi kuona kama barabara bado ipo.