Kwenye ile fomu andika KISWAHILI, ndugu yangu

Weka kalamu chini kwanza. Mambo ya laptop gani anunuliwe, aingie darasa la ngapi na kama mpira utamharibia masomo yatasubiri. Umesema mpwa wako wa miaka 16 katoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mnakwenda kumwandikisha shule hapa Marekani, na palipoulizwa lugha ya nyumbani utajaza Kiingereza "asije akawekwa na wajinga". Nani kakudanganya? Maana aliyenidanganya mimi namjua, tunasali naye, huvaa suti hata akienda kutupa taka, na kwa utaalamu wake mwanangu alipoteza mwaka mzima.

Ile fomu wengi wanadhani ni ya takwimu tu. Ukijaza Kiswahili au Kibembe au chochote mnachoongea kweli, shule inalazimika kumpima Kiingereza chake, na akionekana bado, inalazimika kumsaidia. Hawakufanyii hisani. Ipo sheria ya haki za kiraia ya 1964, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilitoa hukumu kwenye kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco: kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule huku haelewi lugha, huo si usawa. Ukijaza Kiingereza, hapimwi. Wanamhesabu kama mzaliwa wa hapahapa.

Wangu akatupwa moja kwa moja kwenye bailojia na historia ya Marekani. Walimu walikuwa wanamwona anataniana na wenzake koridoni, wakaona huyu hana shida. Kumbe Kiingereza cha kupiga soga huja ndani ya mwaka au miwili. Cha kusoma sura nzima na kuandika insha huchukua mitano hadi saba. Na huku sekondari mtu huhitimu kwa krediti. Ukifeli somo, krediti yake huipati, hata uwe ulihudhuria kila siku kama mlinzi wa geti. Umri ukapanda, krediti zikagoma. Siku kaunsela alipoanza kunisifia GED, ule mtihani wa kupata cheti mbadala cha sekondari bila kumaliza shule, eti ndiyo njia ya haraka, nikajua wanataka kumtoa kiungwana. Nikakataa. Majimbo mengi yanamruhusu kijana kusoma sekondari hadi miaka 20 au 21, ulizia lenu.

Halafu mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wenye watoto ESL, yale masomo ya Kiingereza kwa ambao bado hawakijui! Cheka na wewe, nimeshazoea.

Usisaini pia barua ya kukataa ESL. Ni haki yako kukataa, lakini mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka atafanya vilevile, tofauti ni kwamba atakuwa amekosa yale masomo ya ESL. Na ukiitwa shuleni dai mkalimani, ni bure. Usimfanye kijana ndiye mkalimani. Wangu alifeli masomo matatu akanitafsiria kwamba mwalimu anamsifu kwa utulivu.

Kama umeshaijaza hiyo fomu vibaya, bado inatengenezeka. Waandikie barua, hata kwa Kiswahili, useme nyumbani mnaongea lugha fulani na unaomba kijana apimwe Kiingereza. Weka tarehe, ipige picha, mkabidhi mtu wa ofisini mkononi, umuulize jina lake. Mimi nilipoandika ndipo wangu akapimwa, na majibu yakamweka karibu na ngazi ya chini kabisa. Huyo ndiye niliyemwandikia Kiingereza.