Kabla ya droni, pimeni mashine ya salfa

Msomaji kutoka Tandahimba ameuliza: wao ni wanne, mikorosho yao ukijumlisha inafika 300, wamechanga hela na wanataka droni ya kupulizia. Wanunue?

Msinunue. Kilimo cha usahihi ni kila mti kupata kipimo chake kwa wakati wake, na kwa miti 300 kazi hiyo inaanzia kwenye mashine ya mgongoni mliyo nayo. Droni inamwaga dawa kutoka juu, na mkorosho mkubwa una matawi yanayolala karibu na ardhi, maua yameuzunguka pande zote. Tena hairuki bila kibali.

Fanyeni hesabu kwanza. Kiwango cha salfa ya unga, dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye maua), kilichozoeleka kusini, kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, ni gramu 250 kwa mti mkubwa, mara tano kwa msimu, kila baada ya siku 14. Mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100. Kwenu ni mifuko mitatu kwa mzunguko, 15 kwa msimu. Mifuko mitatu ikiishia mti wa 190, msimlaumu aliyewauzia. Mashine yenu inamwaga karibu gramu 400 kwa mti, na wa 191 hadi wa 300 wanabaki na ubwiriunga wao.

Kupima ni kazi ya asubuhi moja. Hakikisheni tangi ni tupu, kisha tieni kilo mbili za salfa kavu iliyochekechwa. Puliza miti mikubwa kwa mwendo wa kawaida huku mwenzako akihesabu. Unga uishe mti wa nane. Ukiisha mti wa tano, punguza mlango wa unga. Ukifika mti wa 12, fungua zaidi au punguza mwendo. Rudia mpaka itoke nane mara mbili mfululizo, kisha paka rangi pale wenzo wa mlango ulipokaa. Hesabu pia sekunde ulizotumia kwa mti mmoja: mkorosho wenye nusu ya mwamvuli wa matawi upewe nusu ya sekunde hizo. Anayebeba mashine ndiye apimwe, maana hatua za watu hazifanani. Kibarua akibadilika, mnapima upya, hata kama anaapa kwamba kazi anaijua.

Kinachovuruga kipimo zaidi ni unyevu. Salfa iliyolazwa kwenye sakafu ya udongo inashika mabonge. Bonge linaziba mlango, mti wa tatu unapata upepo mtupu, halafu linapasuka na mti wa nne unakula nusu kilo. Pangeni mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na mchekeche hata mfuko mpya. Na petroli isichanganywe kwa macho: kama kitabu cha mashine kinasema 25 kwa 1, lita moja inapata mililita 40 za oili. Oili ikizidi, plagi inachafuka na mota inakohoa. Ikipungua, mnaua pistoni.

Pulizeni alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umelala. Unga unashika kwenye maji. Jua likipanda na upepo ukaanza, zimeni mota hata kama imebaki miti kumi, kwa sababu mtakuwa mnampulizia jirani. Salfa inayozidi nayo haiishii hewani. Inatua chini, na mwaka hadi mwaka inaongeza tindikali kwenye udongo.

Sasa daftari, ambalo wengi wanaliruka kisha wanataka droni! Machipukizi ya maua yakianza, pita shambani kila wiki kwa mshazari, miti kumi ile ile, mmoja wapo wa pembeni. Kila mti angalia pande nne, vishada vitatu kila upande, jumla 120. Andika vingapi vina unga mweupe. Idadi ikipanda upande mmoja tu, nenda ukatazame huko: mara nyingi miti imefungana. Nafasi ya mita 12 kwa 12 inabeba miti 28 kwa heka (ekari). Mkiwa na 45 mikubwa, salfa haitawasaidia kama panga. Na yale machipukizi yanayoota nje ya msimu yakateni mapema, kabla maua hayajaja, maana ugonjwa unajihifadhi humo.

Simu itumieni kupima eneo, lakini zungukeni nje ya miti. Chini ya matawi mazito setilaiti inapotea na mpaka unachorwa kama nyoka. Hata hivyo kwa salfa, idadi ya miti ina faida kuliko heka.

Wakati wa kuokota, msijaribu kupima mavuno ya kila mti. Matawi yanaingiliana, watoto wanaokota popote, takwimu zinakuwa za uongo. Chagueni miti kumi iliyosimama peke yake, ipakeni namba, kila mti uwe na mfuko wake. Korosho mbichi ni nzito kuliko kavu, kwa hiyo zianikwe pamoja na zipimwe siku moja kwa mizani moja. Mti ukishika mkia misimu mitatu mfululizo na salfa umepata sawasawa na wenzake, ukateni muubebeshe upya kwa vikonyo (vijiti vya kupandikiza) vya ule ulioongoza.