Niacheni Nipotee Kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: riwaya ikianza kwa mafumbo, msomaji aendelee au aifunge? Mimi naendelea, ila naomba mtu asinisaidie.

Chukueni Pedro Páramo ya Juan Rulfo wa Meksiko, iliyotoka 1955. Ni kitabu chembamba. Ukipanda nacho meli ya Nansio, kwetu Ukerewe, asubuhi, jioni umekimaliza. Hakina sura, ni vipande vipande tu. Juan Preciado anakwenda Comala kumtafuta baba asiyemjua, huyo Pedro Páramo, kwa kuwa alimwahidi mama yake alipokuwa anakata roho. Njiani, kwenye joto la Agosti, anaongozana na mswaga punda aitwaye Abundio, naye anasema ni mtoto wa mzee huyo huyo. Wanafika, kijiji ni kitupu. Hapo ndipo Abundio anapomwambia, kama anayetaja bei ya sato, kwamba mzee alishafariki miaka mingi.

Na hayo bado mepesi. Mwenyeji wake, Bi Eduviges, anasema mama yake Juan alishampa taarifa kwamba mgeni atafika leo. Mama yangu ni marehemu, anasema Juan. Kumbe, anajibu bibi, ndiyo maana sauti yake ilikuwa hafifu! Hashtuki hata kidogo. Kurasa chache mbele anamweleza kwamba Abundio alikuwa kiziwi, fataki ilimlipukia karibu na kichwa. Lakini yule wa njiani alisikia kila neno. Basi siye, anasema bibi. Tena Abundio alishakufa.

Nilirudia ukurasa ule nikicheka peke yangu. Sentensi zote ni fupi na nyepesi, hakuna hata moja ngumu. Kinachokuchanganya ni kwamba hakuna anayekutajia nani mzima.

Sasa nakala yangu, niliyoinunua kwa wauza mitumba wa Makoroboi, Mwanza, ina utangulizi wa mtaalamu unaoanika yote hayo kabla Juan hajafika hata kijijini. Rafiki yangu mwalimu wa fasihi anautetea: bila utangulizi wanafunzi watakata tamaa. Simkubalii. Sisi wa Ukerewe tumeipitia riwaya ya Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi, mtoto wetu wa kijiji cha Namagondo, isiyokuambia uko wapi wala lini, na tukatoka wazima. Utangulizi ukae nyuma ya kitabu.

Wangu nimeubana kwa pini za stepla, nikamwazima mpwa wangu kitabu. Kila jioni ananiuliza, "Mjomba, huyu naye amekufa?" Simjibu, na nyie msimjibu.