Hesabu vijiko, hesabu mikojo

Ndugu mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Kumuuguza mtoto mdogo kumekufundisha nini?" Jibu langu ni moja: kuhesabu. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kukwambia kiu imemzidi au kifua kinambana, na mzazi aliyekesha hana kumbukumbu ya kuaminika. Kwa hiyo weka karibu kijiko, saa na kipande cha karatasi.

Nitakaa zaidi kwenye kuharisha, maana hapo ndipo wengi tunapokosea tukiwa na dawa sahihi mkononi.

ORS, yaani yale maji ya chumvichumvi, haizuii kuharisha. Kazi yake ni kurudisha maji mwilini. Utumbo wa mtoto anayeharisha bado unaweza kufyonza glukosi, ambayo ni aina ya sukari, na glukosi inapopita huenda na chumvi, kisha maji hufuata. Ndiyo maana vipimo vya pakiti havichezewi. Pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi nyingine mbili. Ukiichanganya na nusu lita, chumvi huzidi kwenye damu na mtoto anaweza kupata degedege. Ukiichanganya na lita mbili, umempa maji matupu. Ukiongeza sukari ili ayapende, au ukimpa soda, sukari iliyozidi huvuta maji kwenye utumbo na kuharisha kunaongezeka. Zipo pia pakiti za nusu lita, basi soma kabla ya kuchana.

Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, kisha yapime. Jagi la plastiki lisilo na alama ndilo linaloharibu kazi. Tumia chupa ya maji ya dukani ya lita moja, au mbili za nusu lita. Mimina unga wote kwa mara moja. Usigawe pakiti nusu kwa kukadiria, kwa sababu chembe za chumvi na sukari hazikai sawasawa humo ndani. Koroga mpaka maji yawe maangavu, funika, andika saa uliyochanganya. Saa 24 zikipita, mwaga yaliyobaki, hata kama ni mengi.

Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Wa miaka miwili na zaidi, mililita 100 hadi 200. Akitapika, wengi huacha kumpa wakisema tumbo limekataa. Subiri dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko cha chai. Kijiko hicho ni kama mililita 5, na kimoja kila dakika ni mililita 300 kwa saa, zaidi ya kikombe kizima. Mtoto anayetapika kikombe alichogida kwa pupa mara nyingi huyahifadhi maji yaleyale yakija kijiko kwa kijiko. Ukiwa na bomba la mililita 5 lisilo na sindano, elekeza maji upande wa ndani wa shavu, si kooni.

Titi lisikatwe, wala uji.

Zinki hutolewa pamoja na ORS kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Kidonge kiyeyushe kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Siku ya tatu choo kinakuwa kigumu na vidonge vinasahaulika kabatini. Inasikitisha, kwa sababu dozi kamili humpunguzia mtoto uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Sasa mikojo. Pampasi huficha mambo: choo cha maji huchanganyika na mkojo, mzazi akadhani mtoto amekojoa. Siku hizo mvalishe nepi ya kitambaa, ukague kila unapobadilisha. Akipitisha muda wa saa 6 bila mkojo, akalia bila machozi, au macho yakaingia ndani, nenda kituo cha afya. Finya taratibu ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, uachie. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, usingoje kukuche. Na utosi uliobonyea si ugonjwa wa kupakwa dawa kichwani, ni upungufu wa maji. Vivyo hivyo, hakuna "meno ya plastiki" yanayoharisha watoto. Kinachong'olewa ni chipukizi la jino lake, na kidonda kinabaki. Choo chenye damu ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, si cha kununuliwa dawa dukani.

Kifua nacho huhesabiwa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, pandisha shati na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia hapo hadi mwaka mmoja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni za haraka mno. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, ondokeni sasa hivi.

Homa nitaipitia haraka. Parasetamo hupimwa kwa kilo za mtoto, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku, na kwa kipimo kilichokuja na chupa, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Dawa ya mseto isianzwe kabla ya kupima malaria.

Mkifika kwa daktari, toa ile karatasi: ameharisha mara ngapi tangu jana, ametapika mara ngapi, amekunywa kiasi gani, mkojo wa mwisho ulikuwa saa ngapi, dawa gani amepewa na saa ngapi.