Kuogopa kuchoma neva kwenye sindano ya tako

Mdogo wangu, umesema uko wodini mazoezini na kila ukiambiwa umchome mgonjwa sindano ya tako mkono unatetemeka, unaogopa kugonga ile neva kubwa ya mguu. Uoga wako una maana kabisa, neva ya siatiki inapita hapohapo na ile ya kugawa tako mafungu manne kwa macho ndo inawaponza wengi, tena mgonjwa akiwa amevaa suruali imeshushwa nusu utakosea tu, mwambie aivue vizuri.

Mi nakushauri uhamie ubavuni mwa nyonga. Mgonjwa alale kiubavu, kama ni nyonga ya kushoto tumia mkono wako wa kulia, weka kiganja juu ya ile nundu ya mfupa wa paja (mwambie akunje goti kidogo, utaisikia inacheza chini ya kiganja), kidole cha shahada kiguse ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele, cha kati ukitanue kufuata ukingo wa mfupa kurudi nyuma. Katikati ya vidole, hapo kwenye V, ndo pa kuchoma. Ila weka alama kwanza utoe mkono, usije ukajichoma mwenyewe.

Ukichoma begani nako, papasa ncha ya mfupa wa bega kwa juu, shuka vidole viwili au vitatu, usipande juu zaidi utaingia kwenye jointi.

Ukipapasa usipousikia mfupa usichome, ita msimamizi wako.